Mnyama wa Nyumbani Akifika Mwisho Wake: Tumuage kwa Amani, Bila Sumu wala Kiroba

Katika parsele nyingi za Bukavu, tangu Ibanda hadi Kadutu na Bagira, kuna mmoja ambaye hatumtaji tunapohesabu watu wa nyumba, lakini akikosekana siku moja kila mtu anauliza yuko wapi. Ni mbwa anayelala mlangoni na kubweka mwizi akigusa mabati. Ni paka anayelinda unga na sambaza, ili panya wasitutangulie kula. Watoto wamekua naye. Wamempa jina, wamemwachia mfupa chini ya meza, wamemweleza siri ambazo sisi wazazi hatukuambiwa.

Mnyama huyo anazeeka mbele ya macho yao. Mbwa wengi wanaishi miaka 10 hadi 13, na paka anayetunzwa vizuri anaweza kupita miaka 15. Mbwa aliyeingia nyumbani mwaka mtoto wa kwanza alipozaliwa anaweza kufika mwisho wake wakati mtoto huyo anamaliza shule ya msingi. Siku hiyo inatukuta mara nyingi hatujajitayarisha. Ndipo zinatoka zile njia tunazozijua wote: nyama iliyotiwa dawa ya panya, fimbo nyuma ya nyumba, kiroba kinachotupwa mtoni usiku, au mnyama kupelekwa mbali na kuachwa sokoni ajitafutie mwenyewe.

Wiki hii tuzungumze juu ya njia nyingine. Haihitaji mtu awe tajiri. Ni kumaliza vizuri kazi tuliyoianza siku tuliyomleta nyumbani.

KWANZA TUULIZE: KWELI AMEFIKA MWISHO?

Mnyama kukonda si sawa na mnyama kufa. Mbwa wengi ambao mbavu zao zinahesabika wana minyoo, au hawashibi, au wana kupe wanaowanyonya damu na kuwaletea homa. Mbwa aliyepoteza manyoya na kujikuna hadi damu mara nyingi ana upele, na upele una dawa. Paka anayekataa chakula anaweza kuwa na jino lililooza. Kwa hiyo, mbele ya kusema "huyu ni wa kufa", aonwe na munganga wa wanyama. Wengi wamehukumiwa kwa sababu ya ugonjwa ambao dawa ya minyoo na majuma machache ya chakula kizuri vingeumaliza.

Uzee peke yake pia si sababu. Mbwa asiyesikia tena mwizi, paka asiyekamata tena panya, ametumika na sasa amechoka. Kama hana maumivu, anahitaji tu fasi kavu ya kulala, chakula laini na maji karibu. Watoto wanatazama tunavyomtendea yule ambaye hana tena kazi ya kutufanyia. Na sisi pia tutazeeka, wao wakiwa wakubwa.

Lakini kuna wakati munganga anasema wazi kwamba hakuna dawa. Uvimbe umeenea, figo zimechoka, mgongo umevunjika na gari, kidonda hakifungi tena. Hapo tutazame ishara hizi:

Hali chakula, hata kile alichokipenda kuliko vyote, na maji anayakataa.

Hawezi kusimama peke yake, anajikojolea na kubaki katika uchafu wake.

Anapumua kwa shida hata akiwa amelala.

Analia usiku, au anajificha fasi za giza na hataki kuguswa. Hasa paka anaficha maumivu. Hata ile sauti yake ya kukoroma ambayo tunaifikiria ni ya furaha, anaweza kuitoa akiwa anaumia.

Hainui tena kichwa wala kutikisa mkia mtu wa nyumbani anapoingia.

Ishara moja ya siku moja haitoshi kuamua. Njia rahisi ni daftari. Andikeni mambo matatu au manne ambayo mnyama alikuwa anayapenda: kusindikiza watoto hadi barabarani, kulala juani, kula mifupa ya samaki. Kila jioni familia inaweka alama moja: leo ilikuwa siku nzuri au siku mbaya? Siku mbaya zikizidi nzuri kwa majuma mawili, na munganga amekwisha kusema hakuna dawa, jibu linaanza kuonekana.

Mama mmoja wa Kadutu, anayeuza sambaza, alifanya hivyo kwa mbwa wao Bobi, aliyekuwa na uvimbe tumboni. Binti yake wa miaka 10 ndiye aliyeshika kalamu. Juma la kwanza kulikuwa na siku nne nzuri. Juma la pili, siku mbili. Juma la tatu hakukuwa na hata moja. Wazazi walikuwa wanatafuta namna ya kumwambia mtoto, lakini mtoto ndiye aliyewatangulia: "Mama, sasa tunamngojea nini?" Daftari lilikuwa limemfundisha polepole kile ambacho maneno ya siku moja yangekuwa kama kofi.

NJIA ZINAZOTESA

Tuseme wazi kwa nini sumu si njia ya kuaga.

Dawa ya panya haiui papo hapo. Nyingi kati ya hizo zinazuia damu kuganda, na mnyama anavuja damu ndani ya mwili kwa siku kadhaa. Dawa za kuua wadudu wa shambani zinaleta povu mdomoni, kutetemeka na kukaza mwili mzima. Hayo yote mtoto anaweza kuyaona akitoka masomoni. Kisha ile nyama yenye sumu haina jina lililoandikwa juu yake. Kuku wa jirani anaidonoa, paka wa parsele nyingine anaibeba, mtoto mdogo anayetambaa anaiokota. Katika nyumba zetu zilizobanana mlimani, sumu iliyowekwa kwa mmoja haijulikani itaishia kwa nani.

Fimbo na kiroba vinafundisha watoto kitu kingine. Mtoto aliyemsikia mbwa wake akilia nyuma ya nyumba mikononi mwa mtu mzima wa familia haisahau sauti hiyo. Anajifunza kwamba anayependwa leo anaweza kupigwa kesho akiwa hana nguvu tena.

Vidonge vya watu pia si msaada. Parasetamoli inaua paka, na hata kiasi kidogo kinamdhuru vibaya. Ibuprofeni na diklofenaki zinaharibu tumbo na figo za mbwa. Mama mwenye huruma anampa mbwa kidonge ili maumivu yapungue, na kumbe anamwongezea. Dawa ya maumivu ya wanyama ipo, lakini munganga ndiye anayejua ipi na kiasi gani.

Na kumwacha sokoni au kumtupa ng'ambo ya mto si kumpa nafasi. Mnyama mzee au mgonjwa, asiyejua fasi hiyo, anakufa kwa njaa, kwa mawe ya watoto wa mtaani au chini ya gari. Tofauti ni kwamba sisi hatumwoni.

MUNGANGA WA WANYAMA ANAFANYA NINI?

Watu wengi hawajawahi kuona mnyama akisaidiwa kufa na munganga, na hofu yao inatoka hapo. Kazi ikifanywa vizuri inakuwa na hatua mbili.

Kwanza anapiga sindano ya kulaza, mara nyingi katika nyama ya paja. Mnyama anaweza kushtuka kidogo kwa mchomo. Ndani ya dakika chache anaanza kulegea, kichwa kinashuka, analala usingizi mzito. Familia inaweza kuwa karibu, kumshika na kumsemesha kwa sauti anayoijua.

Akiwa amelala kabisa, hata akibanwa kidole hasikii, munganga anatia dawa ya pili katika mshipa. Kwa kawaida ni dawa ya usingizi iliyozidishwa sana. Inazima ubongo, kisha pumzi, kisha moyo, kwa dakika chache. Munganga anasikiliza kifua kwa chombo chake na kuwaambia kwamba moyo umesimama.

Kuna mambo ambayo ni vizuri kuyajua mbele, ili mtu asiogope. Macho yanabaki wazi. Mkojo unaweza kutoka. Misuli inaweza kutikisika, au mwili ukatoa pumzi moja au mbili za mwisho. Hayo si maumivu wala si kurudi kwa uhai. Ni mwili unaojilegeza.

Swali moja la muhimu la kumuuliza munganga mbele ya kukubaliana ni hili: "Atalala kwanza?" Kuna dawa zinazokaza au kulegeza misuli tu, na mnyama anakosa pumzi akiwa na akili zake zote. Dawa ya namna hiyo peke yake, bila usingizi, ni mateso yaliyofichwa. Munganga mzuri hatakasirika kwa swali hilo. Atawaeleza.

Munganga huyo mnampata wapi? Anzeni kwa ofisi ya kilimo, uvuvi na ufugaji ya komini au ya teritwari yenu. Ndiyo inayojua wanganga na wasaidizi wao walio karibu. Kwa wasomaji wetu wa mbali, Lubumbashi na Butembo kuna chuo kikuu chenye kitivo cha uganga wa wanyama, na wale waliosomea huko wanafanya kazi katika majimbo mengi. Vijijini, yule anayechanja ng'ombe na mbuzi anaweza kuwasaidia au kuwaonyesha mtu. Ulizeni bei mbele, pamoja na bei ya safari yake, ili pasiwe na ubishi mnyama akiwa amelala katikati yenu.

NA PESA?

Hapa kuna swali la kweli ambalo mama hawezi kuliruka. Nina deni la masomo, mtoto ana malaria, unga umepanda bei, nami nitoe franka kwa sindano ya mbwa?

Hakuna anayesema mtoto akose daftari kwa sababu ya mbwa. Chakula, masomo na matibabu ya watoto vinatangulia. Lakini tuangalie mambo mawili. La kwanza ni kwamba mara nyingi kinachogharimu sana ni safari ya munganga kuliko dawa yenyewe. Akiitwa na nyumba sita au saba kwa siku moja, kuchanja mbwa wa wote, kutoa dawa ya minyoo na kumsaidia mnyama mmoja anayeteseka, kila nyumba inalipa kidogo. Wamama wanaochanga katika MUSO au katika likelemba wanajua hesabu hii kuliko mtu yeyote. Ndiyo hesabu ileile tunayoitumia kununua mafuta kwa jumla.

La pili, kama munganga hapatikani au pesa haziko kabisa, bado si lazima kuchukua sumu. Mnyama anaweza kufa kifo chake mwenyewe huku akitunzwa. Mlazeni fasi kavu yenye kivuli, mbali na upepo na moshi wa mbabula, juu ya kikwembe cha zamani. Mgeuzeni ubavu mara kadhaa kwa siku ili asichubuke. Mloweshe midomo kwa maji safi, lakini msimlazimishe kunywa asije akapaliwa. Safisheni kidonda kwa maji yenye chumvi kidogo na kukifunika, nzi wasitage mayai. Wakatazeni watoto wa jirani kumtupia mawe. Hayo yote hayaombi franka hata moja. Yanaomba mtu wa kukaa karibu.

MBWA MWENYE KICHAA: HAPA TUSICHEZE

Kuna hali moja ambapo hakuna kukumbatia wala kuaga kwa kushikana mikono. Ni kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao wanganga wanauita raje.

Mbwa mpole anaanza kuuma bila sababu. Au mbwa mkali anakuwa mnyamavu, taya limelegea, mate yanatiririka, hawezi kumeza, sauti yake imebadilika, miguu ya nyuma inalegea. Mtu anaweza kufikiri mfupa umemkwama kooni na kutia mkono mdomoni ili amsaidie. Msifanye hivyo. Virusi viko katika mate. Watoto waondoke. Kama inawezekana bila hatari, mbwa afungiwe peke yake, na shefu wa avenyu pamoja na munganga wa wanyama waarifiwe mara moja.

Mtu aliyeumwa, au aliyelambwa penye kidonda, aoshe fasi hiyo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, hata kama kidonda ni kidogo kama mkwaruzo. Kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, wala asingoje kuona kama ataugua. Dalili za kichaa zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu 59,000 kila mwaka duniani, na karibu wanne kati ya kumi ni watoto wenye umri chini ya miaka 15. Karibu wote waliambukizwa na mbwa. Watoto ndio wanaocheza na mbwa, na ndio wanaoficha kwamba wameumwa kwa kuogopa kugombezwa. Waambieni leo: ukiumwa, sema, hutapigwa.

TUWAAMBIE NINI WATOTO?

Sisi walimu tunaona Jumatatu asubuhi mtoto asiyesikia somo. Ukimwuliza, anasema kwa sauti ndogo kwamba mbwa wao "alisafiri". Yeye mwenyewe haamini. Mtoto akidanganywa juu ya kifo cha mbwa, anajiuliza ni mambo gani mengine amedanganywa.

Watoto wadogo, chini ya miaka mitano au sita, hawajaelewa kwamba kifo hakirudi nyuma. Watauliza tena na tena: "Atarudi lini?" Wajibiwe kila mara kwa maneno yaleyale: amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, haumii tena, hatarudi. Wakubwa wa miaka saba, nane na zaidi wanaelewa, na swali lao mara nyingi ni lingine: "Ni kosa langu?" Labda alisahau siku moja kumpa maji. Aambiwe wazi kwamba hapana, ugonjwa ndio uliomuua.

Maneno mawili tuwe waangalifu nayo. La kwanza ni "amelala". Mtoto anayeambiwa kwamba mbwa alilala na hakuamka anaweza kuanza kuogopa kitanda chake mwenyewe. La pili ni "amepigwa sindano". Kwa mtoto, sindano ni ile ya kituo cha afya. Siku wachanjaji wa surua watakapofika darasani, atakimbia kwa sababu anajua sindano inaua. Kwa hiyo tueleze: munganga wa wanyama ana dawa maalumu, ambayo si ile ya watoto, kwa mnyama ambaye hawezi kupona. Dawa ya mtoto inamkinga, ile nyingine inamaliza maumivu ya mnyama.

Je, mtoto awepo siku yenyewe? Aulizwe, asilazimishwe wala asifukuzwe. Wadogo sana ni vizuri wamuage mbele, kisha wapelekwe kwa shangazi au kwa jirani. Wakubwa wakitaka kubaki, wabaki na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni wao tu. Aliyesema atabaki na akabadilisha mawazo asichekwe.

Na tusiseme lile neno linalotoka haraka mdomoni: "Watu wanakufa, wewe unalilia mbwa!" Katika eneo letu watoto wengi wamepoteza baba, kaka, kijiji kizima, na hawakuaga mtu. Walikimbia usiku. Hakukuwa na kaburi la kuonyeshwa. Mtoto huyo akilia sana kwa ajili ya mbwa, labda hamlilii mbwa peke yake. Hiki kinaweza kuwa kifo cha kwanza maishani mwake ambacho kinakuja polepole, ambacho mtu mzima anamweleza, ambacho anapewa nafasi ya kushika, kusema kwaheri na kuzika. Tukimnyamazisha, tunafunga mlango wa mambo mengine yaliyotaka kutoka. Tukimwacha alie, na tukikaa naye, tunamfundisha kwamba huzuni inaweza kubebwa na watu wawili.

SIKU YENYEWE NA KABURI

Chagueni siku ambayo familia haikimbii: mchana wa Jumamosi, kwa mfano, kuliko asubuhi ya masomo. Mpeni kile alichokipenda, kama bado anakubali kula. Mlazeni nyumbani kwake, penye harufu anayoijua. Mtu mmoja aliyemzoea awe kichwani pake.

Munganga akishathibitisha kwamba amekufa, kaeni kidogo. Baadaye mfunikeni kwa kitambaa cha pamba au kikwembe kilichochakaa. Msimfunge katika mfuko wa plastiki, kwa maana hauozi.

Shimo liwe na kina cha metre moja angalau, mbali na chemchemi, kisima na mfereji. Bukavu yetu ni ya milima, na mvua za Septemba hadi Mei zinabeba udongo. Kwa hiyo tuepuke mteremko mkali na ukingo wa parsele. Wekeni mawe juu ili mbwa wengine wasifukue. Hilo si la sura tu. Dawa ya kumsaidia mnyama kufa inabaki katika mwili wake, na mnyama mwingine akiula anaweza kufa pia. Kwa sababu hiyohiyo, mwili huo haufai kuliwa na mtu kabisa, wala kutupwa ziwani au katika Ruzizi. Asiye na nafasi katika parsele amwombe shefu wa avenyu, au ndugu mwenye shamba nje ya mji.

Watoto wanaweza kuweka jiwe lililoandikwa jina, kupanda ua, au kusema kila mmoja jambo moja analolikumbuka. Bobi wa Kadutu alizikwa chini ya mparachichi wa bibi. Yule binti aliandika ukurasa wa mwisho wa daftari, akaufunga, akauweka pamoja na vitabu vyake vya masomo.

SI AIBU KUMLILIA MNYAMA

Wengine wanaogopa kuonekana kama watu walioacha desturi. Lakini kitabu cha Methali, sura ya 12, kinahesabu kumjali mnyama kuwa alama ya mtu mwenye haki. Ndugu zetu Waislamu wanafundishwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Na wazee wetu wafugaji walijua jina la kila ng'ombe.

Congo yetu ilionyesha dunia mfano mmoja mzuri. Mwaka 2007, katika Hifadhi ya Virunga, walinzi walimkuta mtoto wa gorila wa mlimani, wale tunaowaita ngagi, akiwa na miezi miwili tu, ameshikilia mwili wa mama yake aliyeuawa. Walimpa jina Ndakasi. Alilelewa na André Bauma na wenzake, na baadaye akaishi katika kituo cha Senkwekwe kule Rumangabo, kinachotunza gorila yatima. Tarehe 26 Septemba 2021, baada ya kuugua muda mrefu, Ndakasi alikufa akiwa na miaka 14, amelala mikononi mwa Bauma, mtu yuleyule aliyemlea tangu utoto. Picha yao ilizunguka dunia. Gorila si mnyama wa nyumbani, na hakuna aliyemfungia kamba mlangoni. Lakini hakuna pia aliyemcheka mwanaume huyo kwa kumshika mnyama hadi pumzi ya mwisho. Walionyesha heshima yetu sote.

VIKUNDI VYETU VIFANYE NINI?

Mama mmoja peke yake hawezi kumleta munganga mlimani. Kikundi kinaweza. Katika mkutano ujao, tunapendekeza mambo manne.

Hesabuni nyumba za kikundi zenye mbwa na paka, na muandike umri wao kwa kukisia. Mtajua ni wangapi wanakaribia uzee.

Tafuteni munganga mmoja wa wanyama, mwandike namba yake katika daftari la kikundi, mmuulize bei zake na lile swali la usingizi wa kwanza.

Pangeni siku moja ya chanjo ya kichaa kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, nayo inaangukia mwanzo wa mwaka wa masomo, wakati watoto wanaweza kufundishwa somo hilo darasani pia.

Kubalianeni kwamba hakuna tena nyama yenye sumu katika avenyu yenu. Mwenye mnyama anayeteseka aje aseme kwenye kikundi, naye asichekwe.

Mnyama hawezi kutuambia siku gani amechoka. Anatutegemea tumtazame vizuri, tuamue bila haraka, na tusimwache peke yake saa ya mwisho. Mama anayejua kuamka usiku kwa ajili ya mtoto mwenye homa tayari anajua sehemu kubwa ya kazi hii.